Gari Linalomwamsha Mama

11 Januari

Kitinda, mdogo wangu,

Habari za huko na baridi yenu? Sisi hatujambo, tunasukuma siku. Shangazi ameiona picha uliyotuma akasema umekonda. Mimi nikasema ni koti ndilo kubwa. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Nimepata oda ya sare za shule, sketi za buluu na mashati meupe, kwa hiyo sebule yote ni vitambaa na pini, na mgeni akikaa hovyo anaruka. Mama hajambo. Anakula vizuri. Anakusalimu sana.

Sasa hilo gari lako. Siku ile unaniachia funguo ulisema, "Dada, limetumika lakini limetunzwa." Aliyelitunza simjui, na nikimpata tutaongea. Asubuhi nikiliwasha linatoa moshi wa buluu mpaka jirani anafunga madirisha. Oili linakunywa kama mgeni asiyejua kuaga. Na ule mluzi ambao ndio uliolipa jina umezidi: zamani Mluzi alikuwa anapiga kidogo nikikanyaga mafuta, sasa analia kuanzia kona ya mashine ya kusaga mpaka getini kwetu. Fundi Kesho unamkumbuka, yule ambaye kazi zake zote zinakwisha kesho. Alifungua bomba la hewa, akaishika ile feni ndogo ya ndani ya turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa, kwa vidole viwili, akaitikisa, ikacheza. Akasema, "Dada, hii turbo imechoka. Ni kuitengeneza au kuizika." Bei ya kuitengeneza siiandiki, nitaharibu karatasi. Shangazi anasema tuliuze, tununue kigari kidogo kisicho na turbo wala majivuno.

Mimi ningeliuza leo hii. Ila kuna Mama. Unakumbuka ulivyokuwa ukitoka gereji, akikusikia kwenye kona tu anainuka kukuwekea chai. Bado anafanya hivyo. Nikitoka kupeleka sare, akisikia mluzi anainuka, anatoa kile kikombe chako cha buluu kilichovunjika mkono, anakiweka mezani. Mimi nikiingia ananiuliza, "Kitinda yuko wapi?" Nasema, "Yuko njiani, Mama." Basi anarudi kukaa.

Unakuja lini? Nataka tarehe. Hiyo "karibuni" yako nimeshaizoea.

Dada yako

*

5 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo tena, kwa sababu ile ya kwanza najua umeipokea umenuna. Mimi mzima kabisa. Mwambie Shangazi koti ni kubwa kweli, nilipewa na mtu mwenye mabega. Kazini salama. Gereji ya huku ni kubwa, taa mpaka huoni kivuli chako.

Mluzi usimuuze. Nakuomba, Dada. Turbo si majivuno, ni mapafu. Kitu kile kinazunguka kwa kasi ambayo ukiambiwa hutaamini, na kinachokilinda ni utando mwembamba wa oili, basi. Oili ikichelewa kubadilishwa, au ikiwa ile ya kuchotwa kwenye pipa barabarani, turbo inajisaga yenyewe. Kwa hiyo nunua ya kopo lililofungwa, ile nzuri, na ubadilishe mapema kuliko anavyosema Kesho.

La pili, na hili ndilo kubwa: ukifika nyumbani usizime gari papo hapo. Turbo bado ina moto na bado inazunguka. Ukizima, oili inasimama na kuungulia humo ndani. Tulia kwenye kiti, liache lingurume, imba wimbo mmoja mpaka mwisho, ndipo uzime. Mimi nilikuwa nafanya hivyo kila siku, nyie mkidhani nasikiliza redio.

La tatu, kabla Kesho hajaizika turbo, pitisha mkono kwenye mipira yote ya hewa. Ukikuta mahali pana mafuta mafuta, hapo pamepasuka, na huo mluzi mrefu ni hewa inayotoroka tu. Hiyo ni kazi ndogo.

Mwambie Mama mwezi wa nne nipo nyumbani. Kikombe changu kisiondolewe.

Kitinda wenu

*

1 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Shangazi anaumwa mgongo kwa kukaa dukani kwake, lakini ulimi ni mzima. Sare za shule ya kwanza nimemaliza, nimelipwa nusu na ahadi.

Nimefanya yote uliyosema. Mpira ulikuwa umepasuka kweli, chini kabisa, mahali ambapo Kesho alikuwa anaweka tochi. Amebadilisha. Oili nimenunua ya kopo, nikajikuta nasoma maandishi yake kama ya dawa. Moshi umepungua, haujaisha. Turbo bado inacheza. Mluzi sasa ni mwembamba, ni uleule wa zamani, wa siku zako.

Na nikifika nakaa kwenye kiti nikiimba. Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe, Kitinda, kwa hiyo kaa chini usome.

Zamani nilikuwa nazima gari na kuingia haraka, Mama akawa bado hajafika hata mlangoni. Sasa wewe umempa muda. Nikiwa naimba humo ndani namwona kupitia dirisha: anasimama, anajifuta mikono, anaweka kikombe, anachota sukari vijiko vitatu vyako, anajipanga nywele kwa kiganja. Kisha anakuja mlangoni. Anasimama hapo na uso ambao mimi sijawahi kuletewa tangu nizaliwe. Halafu nashuka. Ananitazama, uso unashuka wote, anasema, "Ah. Ni wewe."

Kila siku, Kitinda. "Ah. Ni wewe."

Nilikuandikia kwamba hajambo. Hajambo mwili. Jina langu lilimtoka tangu kabla ya mwaka mpya. Ananiita "yule mwanamke". Juzi alimnong'oneza Shangazi kwamba yule mwanamke anafua vizuri na itafaa aongezewe mshahara. Shangazi alicheka mpaka akalia, kisha akalia kweli. Mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemchana nywele, ninayejua upande gani wa mdomo jino linamsumbua. Na anayemkumbuka ni wewe, kwa sababu una gari linalopiga kelele.

Sikuonei wivu. Naona nimeandika uongo, siwezi kuufuta kwa sababu karatasi ni ya mwisho. Nakuonea wivu, na moyo unaniuma. Njoo huo mwezi wa nne, akuone, atulie, labda baada ya hapo aniangalie na mimi.

Dada yako

*

26 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo wa Shangazi umepata nafuu, na hiyo shule imelipa nusu iliyobaki. Huku baridi imeanza kulegea.

Mwezi wa nne hautawezekana. Mambo ya kazi hayajakaa sawa. Labda baada ya mvua.

Kuhusu turbo. Kama feni inacheza kwenda mbele na nyuma, si pembeni tu, basi beringi zimekwisha na usisubiri. Kuna vifaa vya kuikarabati vinauzwa kwa seti: beringi, ringi zake na gasketi. Mwambie Kesho asichanganye gasketi za zamani na mpya. Pia lile bomba jembamba linaloipelekea oili alitoe lote, aliangalie kwenye mwanga, na likiwa na uchafu mweusi ndani asilisafishe kwa waya, anunue jipya, la sivyo turbo itakufa tena. Angalia na rejeta ndogo ya mbele, ile inayopoza hewa, kama ina oili ndani imwagwe. Mafuta ya dizeli usiache yakaribie kwisha kabisa kwenye tangi, uchafu wa chini unapanda na nozeli zake za kupulizia mafuta ni ghali kuliko turbo yenyewe. Kichujio cha hewa nacho kibadilishwe. Kwenye kilima usikanyage ghafla injini ikiwa bado ya baridi.

Natuma kitu kidogo kwa ajili ya hiyo seti. Msalimie Mama.

Kitinda

*

21 Aprili

Kitinda,

Hatujambo.

Ulisoma barua yangu? Nilikuandikia kwamba mama yetu hanijui, ukanijibu kurasa mbili za gasketi.

Ulichotuma nimekipata, ahsante. Nimemnunulia Mama godoro, lile la zamani lilikuwa limelala kabla yake. Seti sikununua. Nilimpeleka Mluzi kwa Kesho, nikamwambia atoe turbo yote, aunganishe mabomba gari liende bila hiyo. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Hata yeye, ambaye hajawahi kuwa na hakika na kitu. Nikasema toa. Akatoa siku hiyohiyo, mara ya kwanza maishani mwake.

Sasa gari halina nguvu. Kilima cha shuleni linakipanda kwa huruma, moshi mweusi, waenda kwa miguu wananipita na kunipa pole. Lakini halipigi mluzi. Jana nimerudi nyumbani kimya. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, hakuinuka. Nikaingia, nikasema, "Nimerudi, Mama." Akanitazama bila kuchukizwa. Akasema, "Karibu."

Karibu, Kitinda. Unajua nimengoja muda gani niambiwe neno hilo?

Usinijibu kuhusu gari.

Dada yako

*

18 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimekasirika siku tatu, kisha nikachoka, ndiyo maana barua imechelewa.

Ningeweza kusema umeniua. Lile gari nililinunua kwa jasho la miaka, wewe umelitoa mapafu. Lakini nimeisoma tena barua yako ya mwezi wa tatu, na nakiri niliisoma hata ile siku ya kwanza, mpaka mwisho, nimesimama mlangoni na koti mwilini. Sikujua niseme nini. Gasketi nazijua. Hilo jingine silijui.

Nikueleze basi. Gereji ni kubwa kweli, na taa ni nyingi kweli. Lakini mimi naosha mabasi, Dada. Sijagusa injini tangu nifike. Karatasi zangu za kuishi hapa zilikwisha muda, wamekataa kunipa nyingine. Nikitoka sitaruhusiwa kuingia tena, na nikija mikono mitupu tutakuwa watatu tunaotegemea cherehani moja. Kila ninaposema mwezi fulani, nakuwa naamini ninapoandika. Nikiweka stempu tu siamini tena.

Sidhani nitamwona Mama. Nimeliandika, sasa lipo.

Mabasi yakiingia kuoshwa kuna moja lina turbo iliyochoka, linapiga mluzi kama wetu. Dereva wake analalamika. Mimi namwomba alilete kwangu liwe la mwisho.

Niambie kitu kimoja. Kikombe anakiweka bado?

Kitinda

*

9 Juni

Mdogo wangu, mdogo wangu,

Pole. Pole ya kila kitu, ya mabasi, ya karatasi, ya hasira yangu pia. Shangazi nimemsomea, ila pale pa karatasi zako niliparuka. Amesema ule vizuri.

Kikombe hakiweki. Nikujibu kweli kama ulivyonijibu kweli. Ile wiki ya kwanza ya "karibu" nilikuwa na furaha ya kijinga, nilinunua hata pipi. Nilidhani akiacha kukungoja wewe, ataniona mimi. Hakuniona mimi. Ameacha kungoja, basi, na alipoacha kungoja ameacha na kuinuka. Hajipangi nywele. Analala ameelekea ukutani kwenye hilo godoro jipya, na chakula namlisha kwa kubembeleza, vijiko vinne vitano anafunga mdomo. Kikombe chako kina vumbi. Nilikiosha, nikakirudisha kabatini, nikakaa kwenye sakafu ya jikoni nikalia kwa sauti, kwa sababu hakuna wa kuniuliza nini.

Kumbe ule uso wa mlangoni ndio uliokuwa unamshikilia, hata kama haukuwa wangu. Mimi nimeuzima kwa spana.

Nilirudi kwa Kesho kuidai turbo. Anaitumia kuzuia mlango wa gereji usijifunge. Feni yake imevunjika, haifai kitu. Hapa mjini sijaipata ya aina hiyo, nimezunguka maduka yote ya spea mpaka wananiita mama turbo.

Huko kwenye magari mabovu haipo? Nitafutie. Sitaki tarehe yako tena, Kitinda, nimeisamehe. Nataka mluzi wako.

Dada yako

*

14 Julai

Dada,

Shikamoo. Ipo. Nimeipata kwenye uwanja wa magari yaliyogongwa, nimeitoa mwenyewe kwa mikono yangu, na nilifurahi kushika spana mpaka mwenye uwanja akadhani nimelewa. Nimeijaribu kwa kidole, haichezi. Anakuja nayo msafiri mmoja, atapita dukani kwa Shangazi.

Msiwashe gari kabla ya kuijaza oili kwa mkono, kwenye tundu la juu, na kuizungusha taratibu. Ikizunguka kavu mara moja tu imekwisha. Simama hapo hapo, mshikie Kesho taa, usimwachie peke yake. Ovaroli langu liko nyuma ya mlango wa stoo, livae, usiharibu nguo zako.

Sijui kama italia kama ile. Kila turbo ina sauti yake. Nimepuliza ndani yake kwa mdomo nikisikiliza, lakini huko ni kujidanganya.

Kitinda

*

30 Agosti

Kitinda wetu,

Salamu. Shangazi anakohoa kidogo, hajambo. Mzigo ulichelewa, msafiri wako aliugua njiani, lakini ulifika umefungwa kwenye shati lako. Shati nimelificha, sitalifua.

Jumamosi tumeifunga. Nilisimama na taa tangu asubuhi, nimevaa ovaroli lako, nimekunja mikono mara tatu. Kesho aliimwagia oili mpaka nikasema inatosha, akasema, "Mwenye gari amesema ijazwe," kana kwamba uko kwenye kile chumba. Kisha nikawasha. Halikutoa moshi wa buluu. Nikatoka nalo barabarani, na pale kwenye kona ya mashine ya kusaga nikakanyaga mafuta.

Si uleule. Ni wa juu kidogo. Nikajua hatautambua.

Nikafika getini, nikakaa, nikaacha lingurume kama ulivyosema. Sikuweza kuimba. Nikawa natazama dirisha, pazia limetulia. Nikahesabu mashuka kwenye kamba ya jirani ili nisitazame. Nilipotazama tena, Mama alikuwa amesimama mezani. Ameshikilia kiti, na kikombe cha buluu kiko mbele yake.

Nikazima. Nikashuka. Mlango ukafunguka kabla sijaufikia, na akawa hapo na ule uso. Nikajikaza kwa ajili ya "Ah, ni wewe." Mimi nilikuwa nanuka dizeli, mikono myeusi, ovaroli lako mwilini, kitambaa kichwani. Akanishika mashavu kwa mikono yote miwili. Akasema, "Kitinda. Umekuja, mwanangu."

Ningeweza kumwambia. Shangazi alikuwa nyuma yake anatikisa kichwa, sijui akinikataza kusema au akinikataza kunyamaza. Nikasema, "Nimekuja, Mama."

Nisamehe. Nimekuja kwa jina lako.

Alinikalisha. Alinimiminia chai, vijiko vitatu, mimi ambaye sinywi sukari, nikainywa yote. Aliuliza kama huko kuna baridi. Nikasema ipo ila nina koti. Aliuliza kama nakula. Alinipangusa oili kwenye shavu kwa kidole chenye mate kama ulivyokuwa unachukia. Alikula, Kitinda, sahani nzima, akiniangalia nisiondoke. Kwa hiyo ulikuwepo. Nilikushikia nafasi kadiri nilivyoweza.

Kisha akaanza kuangaza chumba, akatazama cherehani, sketi zilizokunjwa, mlango. Akasema, "Na dada yako?"

Nikakizungusha kikombe chako mezani.

Akasema, "Mbona haji? Siku nyingi sijamwona. Kuna mwanamke hapa ananihudumia, hana ubaya, namwambia karibu ili asijisikie vibaya. Lakini si dada yako. Dada yako akinichana nywele hanivuti. Wewe nakusikia na gari lako, najua upo. Yeye hana kitu cha kupiga kelele, nitajuaje kama amefika? Mwambie aje. Mwambie namngoja."

Miaka yote hii nilidhani anamngoja mtu mmoja.

Nikasema neno lile lile ninalomwambia kila siku, hakuna jingine lililonijia. "Yuko njiani, Mama."

Akaitikia kwa kichwa. Akainuka mwenyewe, akaenda kabatini, akatoa kikombe changu cha zamani, kile chenye ua lililofutika, ambacho nilidhani kilishatupwa. Akakiweka karibu na chako, akakifunika na kisosi chai isipoe. Tukakaa hapo mezani, Mama na mimi, tukinisubiri.

Dada yako